Mafaili Yaliyopotelea Mikumi

Jumatatu, 3 Machi. Kilosa

Fundi aliyekuwa hapa kabla yangu aliondoka bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Miezi minne sasa nakisia nyaya zake. Kwa hiyo leo nimenunua daftari. Masika haya nitaandika kila kinachoharibika na jinsi nilivyokitengeneza, ili atakayekuja baada yangu asinilaani.

Basi, kwa huyo atakayekuja: hospitali yetu ina seva mbili. Moja iko hapa Kilosa, chumba cha nyuma ya maabara. Nyingine iko kwenye zahanati yetu ya Mikumi, ndani ya kabati la chuma, haina hata skrini. Kila baada ya saa moja zinapeana mafaili ya wagonjwa, ili aliyetibiwa Mikumi akija Kilosa tumkute, na wa Kilosa akienda Mikumi wamkute. Mtandao ukiwa mzima kazi hiyo inajiendea yenyewe. Mvua ikinyesha, mtandao hauwi mzima.

Leo imenyesha.

Alhamisi, 6 Machi

Mtandao wa Mikumi ulikatika saa tano, ukarudi saa nane mchana. Mafaili yalikwama, kisha yakapita yote.

Jumanne, 11 Machi. Mikumi

Umeme wa huku ulikatika tangu Jumapili na seva haikuwaka ulivyorudi. Nimekuja na Brayan, dereva wetu. Tulitumia saa nne kwa sababu ya tope la kijiji cha Ulaya. Mara mbili nilishuka nikasukuma na viatu vikabaki vyeupe kwa kumbukumbu tu. Kumbe betri ya akiba imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika seva nayo inazimika papo hapo kama taa. Nimeiwasha. Nikaunganisha laptop yangu, nikaona maandishi ya kijani: mafaili yanapita. Nimeandika maombi ya betri mpya ya akiba.

Karani wa masjala hapa ni Bi Ziada. Ana miaka hamsini na sita, amefanya kazi na kadi za karatasi maisha yake yote, na kompyuta ameletewa miaka mitatu iliyopita. Anachapa kwa vidole viwili na kila neno analisoma kwa sauti ndogo. Amefunga, lakini alinichemshia chai na kunikalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

“Mwanangu, hiyo mashine ya kabatini ikizimika hivi, maandishi yangu yanabaki?”

Nikamwambia yanabaki, asiwe na wasiwasi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Umeme wa Mikumi ulikatika mara mbili. Seva imewaka yenyewe safari hii. Safi.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Ziada amepiga simu. Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema: “Mwanangu, nilichoandika Ijumaa hakipo.”

Nikaangalia kumbukumbu za seva ya Kilosa. Kila saa, mstari kwa mstari: imefanikiwa, imefanikiwa. Nikamuuliza kama alibonyeza kuhifadhi. Akasema alibonyeza. Nikamwambia ajaribu tena, polepole.

Jumatano, 19 Machi

“Mwanangu, nilichoandika jana hakipo.”

Kumbukumbu: imefanikiwa. Wagonjwa wapya watatu aliowaandikisha jana nawaona hapa Kilosa kwa majina yao. Sasa kama mfumo ungekuwa mbovu, hao wangefikaje?

Jumatatu, 24 Machi

Mto Mkondoa umejaa mpaka kwenye mawe ya daraja. Mama amepiga kutoka Magole. Mahindi ya bondeni yamelala kwenye maji, ya mlimani yamesimama. Ameniuliza kama nakula. Nimesema nakula.

Bi Ziada amepiga tena. Nimemwachia Brayan aongee naye kuhusu dawa za kusafirisha, nikajifanya niko mbali na simu. Naandika hili kwa sababu niliahidi daftari litakuwa la kweli.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Bi Ziada amenitumia ujumbe wa heri. Mwishoni ameongeza: “Faili la mama wa Mikumi Stendi nimeliandika mara tatu.” Nimejibu: “Heri ya Idd, Bi Ziada.” Basi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku nzima. Kwenye chai nilimsimulia Sista Letisia, muuguzi wa wodi ya wanaume, habari za Bi Ziada. Nikamwigiza anavyotafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja hewani. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Ijumaa, 11 Aprili

Betri ya akiba haijaja. Umeme wa Mikumi ulikatika mara nne wiki hii. Kumbukumbu: imefanikiwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kwa kuwa kesho nitaulizwa.

Saa nne asubuhi Brayan alileta kwenye gari mtu aliyeokotwa barabarani karibu na Ulaya. Pikipiki ilimtelezea kwenye tope, paja limechanika mpaka nyama inaonekana, na kichwa kilipiga chini. Hakuwa na fahamu. Mfukoni alikuwa na kitambulisho: Goodluck, miaka thelathini na nne, mkazi wa Mikumi. Sista Letisia alilifungua faili lake kwenye kompyuta ya wodi. Lilikuwepo. Mahudhurio mawili ya mwaka jana, malaria na kifua. Sehemu ya mzio wa dawa ilikuwa tupu. Daktari aliuliza, “Ana mzio wowote?” Letisia akasoma skrini akasema, “Hakuna kilichoandikwa.” Wakamsafisha kidonda, wakamchoma penisilini.

Mimi nilikuwa wodini hapohapo, naunganisha waya wa printa. Nilimwona anavyobadilika. Midomo ilivimba kwanza, halafu macho, halafu pumzi ikaanza kupiga mluzi kama birika. Letisia alipiga kelele akiita daktari. Walimchoma adrenalini, wakamwekea oksijeni, daktari amemshika taya kwa mikono miwili. Sijui ilichukua dakika ngapi. Mimi nilikuwa bado nimeshika waya.

Amepona. Yaani anapumua. Letisia alitoka nje akakaa kwenye ngazi na mvua ikimnyeshea miguuni, akawa anarudia, “Nilisoma. Debora, si uliniona nilisoma?”

Nilimwona.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mke wa Goodluck amefika, anaitwa Yunis. Goodluck ameamka, anajua jina lake na la mkewe. Yunis alipoambiwa kuhusu sindano alishika kichwa.

“Lakini mwezi wa tatu alivimba hivihivi pale Mikumi! Walimchoma kwa ajili ya jipu, akavimba, wakamwokoa. Yule mama wa kompyuta aliandika mimi nimekaa mbele yake. Akanisomea kabisa: mzio wa penisilini. Akaniambia, sasa popote atakapotibiwa wataona.”

Katibu wa hospitali, Bwana Elikana, alinitazama. Nikasema nitachunguza.

Kitabu cha mahudhurio cha Mikumi, kile cha karatasi, kinaonyesha kweli Goodluck alifika tarehe 14 Machi. Kitabu hicho hakina nafasi ya kuandika mzio. Na kwenye kompyuta, tarehe 14 Machi haipo kabisa kwenye faili lake.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimepitia kumbukumbu zote za seva tangu tarehe 1 Machi. Ukiacha siku za mtandao kukatika, hakuna kosa hata moja. Nimeandika ripoti yangu ya mistari miwili: “Mfumo wa kupeana mafaili ulifanya kazi kama ilivyotakiwa tarehe 14 Machi na siku zilizofuata. Taarifa ya mzio wa mgonjwa haikuingizwa na karani wa Mikumi, Bi Ziada.”

Bwana Elikana amesema ripoti inaeleweka. Nilifurahi aliposema hivyo.

Jumanne, 22 Aprili

Kikao. Bi Ziada aliondoka Mikumi alfajiri na kufika na buibui lililolowa mpaka magotini. Tulikuwa sita mezani, na yeye wa saba. Bwana Elikana alisoma mistari yangu miwili, na kwa sauti yake ilionekana mirefu.

“Niliandika,” alisema Bi Ziada.

“Mfumo unaonyesha hukuandika, mama.”

“Niliandika. Nikamsomea mke wake. Na siku zilizofuata nilimpigia huyu mwanangu,” akanielekezea kiganja, hakuninyooshea kidole, “nikamwambia maandishi yangu hayakai. Mara nne nilimtafuta.”

Wote wakanigeukia. Nikasema ni kweli alipiga, nami kila mara niliangalia mfumo, na kila mara mfumo ulikuwa mzima. Nikasema huenda alisahau kuhifadhi. Sauti yangu ilikuwa ya upole. Nadhani upole ule ulimuumiza kuliko ningefoka.

Amesimamishwa kazi mpaka uamuzi utakapotoka. Alikunja barua ya kusimamishwa mara nne, akaitia kwenye pochi, akaaga mmoja mmoja. Aliponifikia nilimwambia “shikamoo,” sijui kwa nini, na ilikuwa saa ya kuagana. Akaitika “marahaba.”

Jumatano, 23 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Goodluck ameanza kukalishwa kitandani.

Ijumaa, 25 Aprili

Joha amepelekwa Mikumi kushika nafasi ya Bi Ziada. Joha ni karani wetu wa hapa, ana miaka ishirini na mitano na anachapa bila kuangalia vidole. Bwana Elikana amesema sasa tutapumua.

Jumanne, 29 Aprili

Saa tatu kasoro asubuhi Joha amepiga.

“Dada Debora, mambo? Sikiliza, kuna kitu sikielewi. Niliyoandika jana hayapo.”

Nilisimama. Sikumuuliza kama alibonyeza kuhifadhi. Sikuwaza kabisa kumuuliza. Nilisema, “Usiguse chochote, nakuja,” na nilikuwa nimeshashika mkoba niliposikia nilichosema.

Mama mzima alinitafuta na maneno hayohayo mara nne na sikuamka kwenye kiti. Msichana wa rika langu amesema mara moja.

Jumatano, 30 Aprili. Mikumi

Jana hatukuweza kupita. Maji yalikuwa juu ya barabara mbele ya Ulaya. Leo tumefika saa sita mchana.

Nilimwambia Joha aketi, anieleze nani amepotea na nani amebaki. Alikuwa ameandika orodha. Wagonjwa wapya, waliofika Mikumi kwa mara ya kwanza, wote wapo. Waliopotea ni wale wa zamani waliorudi. Faili linabaki, ila yaliyoongezwa jana yamefutika, kama hayakuandikwa kamwe. Ndiyo maana majina mapya niliyaona Kilosa mwezi wa tatu nikajiridhisha.

Niliazima skrini ya chumba cha daktari, nikaibeba mpaka kwenye kabati la chuma na kuichomeka kwenye seva. Kitu ambacho sikuwahi kufanya. Pembeni ya skrini, chini, palikuwa na tarehe ya leo kwa mujibu wa seva ya Mikumi:

3 Januari 2016.

Nimekaa chini sakafuni. Joha aliuliza kama naumwa.

Kwa atakayekuja baada yangu, sikiliza vizuri. Ndani ya kila seva kuna betri ndogo bapa, ya ukubwa wa sarafu, inayotunza saa hata umeme ukikatika. Ya Mikumi imekufa. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, seva iliamka ikidhani ni tarehe mosi Januari 2016. Ilitakiwa ijisahihishe kwa kuuliza saa Kilosa, lakini mfumo umewekwa ukatae marekebisho makubwa mno, na miaka tisa ni marekebisho makubwa. Na programu ya kupeana mafaili ina sheria moja: faili likiwa na nakala mbili zisizofanana, inabaki yenye tarehe ya karibuni. Bi Ziada aliandika Machi 2025, seva ikagonga muhuri wa Januari 2016. Nakala ya Kilosa ya mwaka jana ikaonekana mpya kuliko yake. Ikaifunika. Kisha programu ikaandika: imefanikiwa. Na kwa kweli ilikuwa imefanikiwa. Ilifanya ilichoambiwa.

Kompyuta ya mezani kwake ilikuwa na saa yake sahihi. Hakuwa na njia ya kujua. Mimi nilikuwa nayo. Tarehe 11 Machi niliunganisha laptop hapahapa, nikaona kijani, nikanywa chai yake.

Betri nimeipata kwa fundi saa pale sokoni. Dakika tano kuibadilisha.

Halafu nilitafuta kitu kingine. Programu haitupi moja kwa moja nakala inazozikataa, huziweka kwenye folda lililofichwa mpaka lijae. Nimelifungua. Mafaili mia nne na kumi na mawili. Mengine yamejirudia mara tatu, mara tano; alikuwa anaandika, yanafutwa, anaandika tena. Yote yamebeba jina la Bi Ziada, isipokuwa yale ya siku za mwisho ya Joha. Na yote ni ya Januari 2016: kazi ya wiki sita ya mwanamke mmoja imerundikwa ndani ya siku chache za mwezi mmoja ambao hata mfumo huu haukuwepo.

La Goodluck lilikuwemo. Kwa herufi kubwa: MZIO WA PENISILINI. ALIVIMBA MDOMO NA MACHO. ASICHOMWE TENA POPOTE. Chini yake: Ziada.

Alhamisi, 1 Mei. Kilosa

Mei Mosi. Wenzangu wameenda uwanjani na fulana mpya. Nimebaki nikiandika ripoti ya pili. Si mistari miwili tena. Nimeandika betri, saa, sheria ya tarehe, folda. Nimeandika kwamba karani aliripoti hitilafu mara nne na fundi hakufika. Nilipofika kwenye neno “fundi” nilitaka kuliacha hivyohivyo. Nikaongeza jina langu.

Ijumaa, 2 Mei

Bwana Elikana aliisoma mara mbili. Si mtu mbaya, niseme hivyo kabla ya yanayofuata. Alivua miwani, akasugua macho.

“Debora, tufanye hivi. Tuandike kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi, imerekebishwa. Bi Ziada tunamwita arudi kazini Jumatatu. Bila maneno mengi. Watu wakisikia kompyuta zetu zinafuta matibabu, nani ataleta mgonjwa hapa?”

“Ripoti ya kwanza ilikuwa na jina lake, Katibu.”

“Najua.”

“Ilisomwa mbele ya watu.”

“Najua, binti yangu. Ni mimi niliyeisoma.”

“Basi na hii isomwe.”

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilidhani amesema kitu nisisikie. Hatimaye alivuta karatasi, akachukua kalamu, na chini ya jina langu akaongeza mstari kwa mkono wake: “Nami katibu niliikubali ripoti ya kwanza bila kumsikiliza mhusika.” Akasaini.

“Kamwambie mwenyewe kwanza,” alisema, “asije akasikia kwa watu. Barua ya kumrudisha hii hapa.”

Jumamosi, 3 Mei. Mikumi

Bi Ziada anakaa nyumba za zamani za reli, chumba na sebule. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia. Akaitika, akanisogezea kigoda, akaendelea kuchambua.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yaliyotoka ni, “Bi Ziada, uliandika.”

Vidole vyake vilisimama.

Nikamweleza kuhusu betri na saa. Nilieleza vibaya, nikaanza tena. Alisikiliza macho yakiwa kwenye ungo. Nilipomaliza alisema:

“Unajua wiki iliyopita nilikwenda wapi? Nilikwenda kwa mama yake Goodluck. Nikamwomba msamaha.”

“Kwa nini, Bi Ziada? Hukukosa.”

“Ningejuaje? Wasomi sita wamekaa mezani wameniambia sikuandika. Mashine imesema sikuandika. Nilikaa hapa usiku na mchana nikawaza, labda ni kweli. Labda niliota. Labda akili zimeanza kuondoka. Mama yangu mzazi alianza hivyohivyo, anasema amekoroga uji, kumbe sufuria tupu.” Akatupa kijiwe nje ya baraza. “Kazi ningeizoea kuikosa. Lakini nilianza kuogopa kuacha jiko la mkaa peke yake. Nilikuwa narudi mara mbili kuhakikisha kama nimefunga mlango.”

Niliwasha laptop, nikafungua faili, nikamwekea magotini juu ya ungo.

Alivaa miwani. Akasoma kwa ile sauti yake ndogo, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari: “Mzio wa penisilini. Alivimba mdomo na macho. Asichomwe tena popote.” Akafika kwenye jina. Akalisoma jina lake. Kisha akarudi juu akasoma tena yote.

“Kumbe niliandika,” alisema, na akavua miwani akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia na lile la kumwigiza kwenye chai, ingawa hakulijua na asingelijua kamwe.

“Pole yako nimeipokea, Debora,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Siku zote ilikuwa mwanangu. “Lakini bado haijanikaa. Niache nayo kidogo.”

Nikaaga. Hakunizuia wala hakunisindikiza.

Jumatatu, 5 Mei

Bwana Elikana ameisoma ripoti ya pili mbele ya wafanyakazi wote wa Kilosa, na kwa simu kwa wale wa Mikumi. Aliposoma jina langu nilitazama mbele. Letisia alikuja kusimama karibu nami, bega kwa bega. Baadaye ameniambia amelala vizuri usiku mmoja tu tangu tarehe 17.

Goodluck ameruhusiwa. Yunis alipita dirishani kwangu kuuliza kama sasa imeandikwa. Nikamfungulia aone kwa macho yake.

Jumanne, 6 Mei. Mikumi

Bi Ziada amerudi kazini. Ana sharti, na hakulisema kwa kuomba.

“Mimi sitaki kuambiwa mashine ni nzima. Hiyo ya kabatini iwekewe skrini, nami nione saa yake. Na kila asubuhi saa mbili utanipigia, utaniuliza huku ni saa ngapi na tarehe ngapi. Nikikujibu, utalinganisha na ya kwako. Kila siku.”

Nilimweleza kwamba kuna programu ya kufanya hivyo yenyewe, nami nitaiweka.

“Iweke,” alisema. “Na upige.”

Jumatano, 7 Mei

Saa mbili kamili. Shikamoo, marahaba. “Saa mbili na dakika moja, tarehe saba, mwezi wa tano, mwaka ishirini ishirini na tano.” Sawasawa.

Alhamisi, 8 Mei

Sawasawa.

Ijumaa, 9 Mei

Sawasawa. Betri ya akiba imefika hatimaye.

Jumatano, 14 Mei. Mikumi

Wiki hii nzima niko hapa. Mafaili ya kwenye folda nimeyarudisha, lakini folda lilikuwa limejaa na, kwa tarehe zile za uongo, likatupa baadhi ovyo. Wagonjwa sitini na mmoja hatuna chao ila majina kwenye kitabu cha mahudhurio. Joha na Bi Ziada wanawaita mmoja mmoja kwa simu, na mimi nachapa. Bi Ziada anawakumbuka. “Huyu ni yule wa jicho la kushoto.” “Huyu alikuja na mkwewe, hawasemezani, muulize dawa ya presha alipewa ipi.” Wakifika anawauliza, na tisa kati ya kumi ni kama alivyosema. Nilikuwa nadhani anasoma kwa sauti kwa sababu hajui kompyuta. Ni kwamba anawasoma watu ili wamkae kichwani.

Bado ananiita Debora.

Jumatatu, 19 Mei

Sawasawa. Mvua imekuwa ya vipande vipande. Mama anasema Magole wameanza kuvunja mahindi ya mlimani.

Ijumaa, 23 Mei

Sawasawa. Wagonjwa sitini na mmoja wamebaki wanne. Wawili wamehamia Lumuma, simu hazipatikani. Mmoja amefariki, si kwa ajili yetu. Nimeuliza mpaka nikahakikisha. Wa nne anatafutwa.

Alhamisi, 29 Mei. Kilosa

Jua kali, la kwanza kwa wiki nyingi. Niliamka viungo vinauma, kichwa kama kimefungwa waya. Nikasema nijilaze dakika tano.

Simu ilinishtua saa mbili na robo. Nilidhani ni Bwana Elikana.

“Hujapiga,” alisema Bi Ziada.

“Shikamoo, Bi Ziada. Samahani. Naumwa.”

“Marahaba. Unaumwa nini?”

“Homa tu. Itapita.”

“Umepima?”

“Bado.”

Nikasikia vidole viwili vinachapa, taratibu, na ile sauti ndogo inasoma jina langu. “Nimelifungua faili lako. Hujapima malaria tangu mwaka juzi. Unatengeneza mashine za hospitali na damu yako hujui ina nini.” Kisha: “Huku ni saa mbili na dakika kumi na nane, tarehe ishirini na tisa, mwezi wa tano. Ni sawa?”

Nikatazama saa yangu. “Ni sawa.”

“Haya. Amka, vaa nguo nzito, nenda kapime. Majibu uniambie mimi, usimwambie Brayan aniambie. Umesikia, mwanangu?”

Nikasema nimesikia.

Nimepima. Malaria. Letisia amenipa dawa na kunifukuza nikalale. Saa saba mchana nilimpigia Bi Ziada kumpa majibu. Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.